Sekunde Kumi na Mbili

Mimi nilikuwa nyuma ya kioo, kidole kwenye swichi,
yeye mbele ya maikrofoni na kikombe cha chai ya rangi.
"Hapa ni Tanga. Mimi ni Rehani Semvua.
Jana haijafika mbali."
Basi. Alhamisi imeanza,
na Ngamiani, barabara kwa barabara,
cherehani zinapunguza mwendo.

Hakuwa na shahada. Alikuwa karani wa mizigo
stesheni ya reli, akihesabu marobota ya mkonge,
na behewa likichelewa humuuliza mpagazi:
babu yako alishuka hapa akitokea wapi?
Majibu aliyaandika nyuma ya hati za mizigo.
Wasomi wakamwita mpiga soga.
Akasema, "Soga nazo zina tarehe,
ila uzipigie hodi."

Kinasa sauti chake kilikula betri kama mchwa.
Alizianika juu ya mabati ya watu, Pongwe, Amboni, Muheza,
akizidai roho ya dakika tano tu.

Alikosea pia, niseme.
Alitamka hewani kwamba ukuta fulani wa Raskazone
ulijengwa na Mjerumani.
Kesho yake kituoni akaingia Bi Fatu Chanyeka, hajaketi, hajasalimu:
"Mjerumani alishika fimbo.
Mawe alibeba baba yangu."
Alhamisi iliyofuata Semvua alisoma majina kumi na tisa,
moja moja,
kama alipaye deni la duka mbele ya watu.

Lakini mimi nakumbuka zaidi ile ya kambi ya manamba.
Kapinga, kutoka Mbinga, miaka thelathini shambani,
alisimulia treni, blanketi, namba ya shingoni.
Semvua akauliza, "Na mkeo, uliyemwacha?"

Kapinga hakujibu.
Kwenye utepe kuna kuku, kisha mlango,
kisha kuku tena.
Nilitaka kukata. Semvua alinishika kifundo cha mkono.
"Acha. Hapo ndipo anaposema."

Sekunde kumi na mbili.
Meneja alipiga simu akifoka: redio haikai kimya,
watu watadhani umeme umekatika!
Barua ya onyo ilikuja na mhuri.
Aliigeuza, akaandika nyuma yake jina la mke wa Kapinga,
ambalo mzee alimnong'oneza mlangoni,
mashine ikiwa imeshazimwa.
Halikutangazwa kamwe.

Tumemzika Machi, mvua ikinyesha.
Sasa vijana wa kituo wananiletea kaseta zake kwa maboksi,
zimeota ukungu, zinanuka chumvi na karatasi.
Safisha, wananiambia. Ondoa kikohozi,
ondoa kuku, ondoa mapengo.

Kikohozi nimekiondoa.
Kuku nimemwacha.

Alhamisi mkisikia kimya,
msiipige redio kofi.