Kwa Jogoo Nambari Kumi na Saba

Ulikuwa nukta.
Siku ya tatu, chini ya taa ya kibanda chetu pale Ganda,
nilikata dirisha kwenye gamba la yai,
dogo kama ukucha wa mtoto mchanga,
nikakuona: uzi wa damu, na moyo
ambao tayari ulikuwa na haraka.

Kando yako, katika yai gumu lenye vitobo vitobo,
alilala mwana wa kanga wa kishungi.
Mamaye alinaswa na tanzi huko Sokoke;
Mwaringa alileta mayai manne ndani ya kofia,
yangali na vuguvugu la kiota.
Kwa sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele,
nilifyonza damu ya huyo mwana,
tone lisilotosha kulowesha kope,
nikakutilia wewe.
Humo mlikuwa na seli mia, pengine pungufu,
mbegu za mbegu,
zisizojua bado kama zitakuwa yai au shahawa.
Nikaziba dirisha kwa plasta ya duka la dawa la Maweni.
Nikasema Bismillahi,
maana kitabu cha maelekezo
hakikuandika neno la kusema.

Kanga hazai ugenini, walisema.
Lakini nani aliwaonyesha njia wageni wale?
Walipita moyoni mwako hawakubisha hodi,
wakaacha bawa, wakaacha ini,
wakashuka mpaka kando ya figo,
kwenye chumba ambacho wewe mwenyewe
hukujua kama unacho,
wakatua mizigo.

Usiku wa tisa umeme ukakatika.
Nikafungua doti ya mama, nikawafunika nyote,
mayai thelathini na manane, na kopo la maji moto katikati,
nikakesha nikigeuza yai moja moja.
Kanga ya nguo ikamtunza kanga wa damu.
Ilikuwa na maandishi: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE.
Sikuichagua. Ndiyo iliyokuwa karibu.

Mliototolewa ni watano.
Waliobaki niliwazika nyuma ya tangi,
nami sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Ukakua. Kilemba chekundu, shingo ya dhahabu,
mgomvi wa bure, adui wa ndala zangu.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni;
kwako mambo yaligeuka:
mgeni yu huru ndani,
mwenyeji ndiye aliyevishwa pete ya buluu.

Chengo, mlinzi wa zamu ya usiku, alikuchungulia mara mbili.
“Huyu akichinjwa,” akaniuliza,
“nyama yake tutakula kuku au kanga?”
Nikafikiri mpaka chai ikapoa.
Nyama yake ni kuku, Chengo.
Kesho yake ndiyo kanga.

Asubuhi nikawa nakukanda mgongo,
kikombe kidogo mkononi,
kazi ambayo mpaka leo sijamweleza mama.
Mara ya kwanza, hola. Ya pili, mayai matupu.
Ya tatu kanga jike alinidonoa kiganja,
alama ninayo.

Jumanne, kabla ya adhana ya adhuhuri,
gamba gumu likapasuka.
Akatoka mwenye mistari ya kahawia,
miguu myekundu kama aliyekanyaga hina mbichi,
akalia kilio ambacho banda hili
halikuwahi kukisikia.

Nilikubeba kwapani nikuonyeshe.
Sijui nilitaka ufanye nini.
Ulimtazama kwa jicho moja, ukamtazama kwa la pili,
ukaruka chini,
ukarudi kwenye pumba za mchele
kama mtu aliyeombwa kushika barua ya jirani,
akaishika vizuri,
akaitoa,
wala hakuuliza imeandikwa nini.