Kiti cha Mbele

Walinipigia Jumatatu: Bi Zuwena,
twataka viti mia mbili, vyote vivae nguo nyeupe,
utepe wa kijani, fundo nyuma.
Hafla ya jioni, bustani ya Vuga,
wageni wa kuhifadhi mji.
Nikasema nguo zipo.
Nguo huwa zipo. Viti ndivyo hufa.

Saa tisa tumo majanini,
mimi, Nahoda, na pikapu ya kuazima.
Manispaa wamekata nyasi asubuhi,
harufu yake imefika hadi kwa wagonjwa wa Mnazi Mmoja.
Mti ule mkubwa sijui jina lake
(ulikuja na meli, wasema, ni mbegu ndani ya karatasi);
umeinua mizizi, na kila safu ikifika pale
inapinda kama ukili wa mwanafunzi.

Nikahesabu. Mia moja tisini na tisa.
Nikahesabu tena, nikianzia langoni,
maana zipo hesabu zinazokubali upande mmoja tu.
Mia moja tisini na tisa.
Na pengo liko mbele, katikati.

Nahoda hakusema kitu.
Alikwenda kwenye kibanda cha mlinzi
akarudi na kiti cha Ussi Mwadini:
mguu mmoja umefungwa mpira wa baiskeli,
kikalio mbao za sanduku la chai,
mgongo unang'aa kwa miaka ya koti lile lile.
Toba, nikasema.
Akakivisha. Akafunga utepe, akavuta fundo.
Tukarudi nyuma hatua tano.
Wallahi sikukijua ni kipi.

Adhana ya magharibi ikatoka misikiti mitatu,
mmoja ukitangulia, ndiyo kawaida yake.
Taa zikawaka matawini, popo wakahama.
Wageni wakaingia na udi wao,
mabaibui ya kumeremeta,
wazungu ndani ya kanzu zenye mikunjo ya duka.
Sambusa zikapita, katlesi zikapita.
Na mgeni rasmi, mtu wa mwili, mashaallah,
akaongozwa mbele, katikati.

Nilishika mlingoti wa hema kwa mikono miwili.
Akakaa.
Kiti kikasema neno moja, fupi,
la kwao,
kikanyamaza.

Risala ya kwanza. Ya pili.
Mji huu ni amana, wakasema,
kila dirisha, kila msumari wa mlango.
Yeye kila alipotaka kuegemea
akakumbuka jambo, akanyoosha mgongo,
mikono magotini, mtoto wa chuoni.
Mpishi akaninong'oneza: "Mtazame mkubwa na adabu zake!"
Wapiga picha wakampenda.
Nyuma yake wenziwe wamejimwaga
mithili ya nguo za kufua.

Na Ussi alisimama langoni muda wote,
akielekeza magari, akiitikia salamu.
Mara moja tu aligeuka
akakitazama kile kisogo cheupe,
akainua mkono nusu,
vile umwonyavyo mgeni wako
juu ya ngazi ya tatu iliyolegea,
kisha akaushusha.

Saa nne za usiku. Vijiti vya mishikaki majanini.
Tunavua nguo moja moja, tepe kapuni:
plastiki ya buluu, plastiki nyekundu iliyopauka,
hivi ndivyo mlivyokalia, mabibi na mabwana.
Cha mbele nilikiacha mwisho.
Nikakibeba mwenyewe.

Ussi alikikalia polepole, akisikiliza.
"Alielemea wapi?"
"Sijui. Kushoto, nadhani."
"Aa, kushoto." Akapapasa ule mpira.
"Kushoto kinabana. Angeniuliza."
Akacheka peke yake, akavua viatu.

Nyumbani nikahesabu tena, viti bado mia na tisini na tisa.
Nguo mia mbili,
moja ina doa la kutu mgongoni,
imekataa sabuni, imekataa ndimu,
na sasa naipa kiti chochote.