Usifute

Ubaoni wameandika USIFUTE,
kwa herufi kubwa, na mstari chini yake,
nami sifuti.
Napitisha kitambaa kandokando ya hesabu zao
kama mtu anayepalilia bila kugusa mche.

Naingia ukumbini saa kumi na moja alfajiri,
viatu vya raba vimebeba tope la Mukuru,
tope ninaloliacha mlangoni
maana likiingia ni mimi nitakayelipiga deki.

Viti mia tatu na arobaini. Navijua kwa ila zao:
cha safu ya tisa hakikunjiki,
cha nyuma kabisa mtu amechonga jina la Jepkemoi,
chini ya kile cha pembeni hakukosi maganda ya njugu,
na mlaji sijawahi kumwona.
Miaka kumi na minne nafagia maganda ya mtu mmoja?
Labda ni ukoo.

Miaka kumi na minne, ila kwenye karatasi nina miezi mitatu.
Kandarasi ikiisha, kampuni nyingine huja,
tunavuliwa ovaroli ya kijani, tunavikwa ya buluu,
mgongoni jina jipya,
mshahara uleule, na kuchelewa kulekule.
Msimamizi ananionyesha: "Hii ni ndoo."
Namjibu, "Asante, nimeiona."
Hapa mwenye ajira ya kudumu ni ufagio.

Mwezi wa Machi kompyuta ya mhadhiri ilipotea.
Walitupanga ukutani, sisi kumi na mmoja,
wakamwaga mikoba yetu juu ya sakafu niliyoisugua mwenyewe:
kitana, dawa ya presha ya Kwamboka,
viazi vitamu viwili ndani ya gazeti,
pedi za Syombua, ambaye alitazama dirishani
mpaka zikarudishwa.
Jioni kompyuta ilikutwa chini ya kiti cha gari lake.
Tuliambiwa: imepatikana.
Hilo tu.
Neno jingine tulilingoja hadi masika yakanyesha, yakaisha.

Si wote. Yupo kijana, Lemayian,
huinua miguu nikipita na deki
na kuniuliza nimeamkaje.
Jina langu halijui.
Lakini huinua miguu.

Chakula tunakula chini ya ngazi, kati ya mitungi ya dawa.
Wali wangu unanuka choo chao,
au choo chao kinanuka wali wangu, sijui tena.
Na siku ya mahafali huwa tunaambiwa tusionekane.
Mwaka jana tulikaa stoo, taa imezimwa,
tukasikiliza vigelegele kupitia ukuta.
"Hicho ni cha Kisii," akasema Kwamboka,
"huyo ni mtoto wa kwetu,"
akapiga chake gizani, kwa sauti ya chini,
mkono ukiwa karibu na mdomo ili kisitoke nje.

Juzi mwezi wa pili ulikatika bila mshahara.
Mwenye nyumba alikuwa ameng'oa mlango wangu, mlango mzima,
akaondoka nao begani.
Nililala macho, nikafika kazini kabla ya mlinzi kubadilisha zamu.
Nikaokota kipande cha chaki.
Sikuwa nimeshika chaki tangu darasa la saba.
Nikaandika polepole, mmoja chini ya mwingine,
Kwamboka, Syombua, Mzee Wafubwa wa vyoo vya ghorofa ya nne,
wote kumi, na wa mwisho Peres Adongo,
ambaye humu ndani anaitwa "mama" na "wewe".
Mbele ya kila jina, miaka.
Chini kabisa, kwa herufi kubwa: USIFUTE.

Leo zamu ya ukumbi ni ya Syombua.
Nimemchungulia kupitia upenyo wa mlango.
Amefuta tarehe, amefuta mishale na duara zao,
akafika kwenye majina, akasimama.
Kitambaa kikaning'inia mkononi, kikidondosha maji.
Kisha akainama, akatafuta chaki,
akarekebisha jina lake.
Nilikuwa nimeruka herufi.