Jina Chini ya Jina

Kasha hili halikuchorwa kwa ajili yangu.
Niliseme hilo kwanza, kabla hujayasifia maua.

Mbao ni za mpopla, baba alizipasua mwenyewe
msimu ule Tulpehocken iliganda
hata ndoo ikang'ang'ania kisimani.
Pembe zake zimeumana kama vidole vya mtu anayesali,
hamna msumari. Baba hakuipenda misumari:
"Msumari ni uongo wa fundi mvivu."

Mchoraji alikuja mwezi wa Machi, tope magotini,
Hieronymus Stumpf, na brashi zake za manyoya ya paka.
Akalala kwenye nyasi za ng'ombe siku nne,
akamaliza paja zima la nguruwe
na kudai jingine la njiani.
Mimi ndiye niliyemshikia taa.
Mtindi na udongo mwekundu. Masizi na yai.
Bikari ikizunguka, mara nyota, mara moyo,
tulipu tatu zikichipuka chungu kimoja,
na chiriku wawili wanatazamana
kama watu waliogombana jana.
Ubavuni, rangi ingali mbichi,
akaviringisha gunzi la mahindi;
zikabaki alama kama za nyayo za kuku.
Mwisho, katikati, kwa herufi zenye miiba:
APOLLONIA. Na mwaka, 1791.

Dada yangu alikuwa na miaka kumi na tisa.
Akalijaza: shuka kumi na mbili za kitani,
taulo zenye taji la uzi mwekundu,
na ndani ya kijaluba cha pembeni
mbegu za maboga, utepe, na jino langu la utoto
alilosema atanirudishia
siku nitakayoacha kulialia.

Homa iliingia Agosti.
Haikuuliza nani ana harusi.

"Mali haitupwi," baba alisema,
na hakusema kingine mpaka theluji.
Stumpf akaitwa tena. Safari hii hakudai paja.
Akafuta jina kwa nyekundu, mkono wa kwanza,
akangoja, mkono wa pili, akangoja,
akaandika ROSINA.
Herufi zake ni tisa, zangu sita.
Pengo lililobaki akalizibia vitulipu viwili.
Mwaka akauacha. Hakuna aliyemwambia aubadilishe,
na mimi, mwenye miaka kumi na mitatu,
kipya kinyemi: nililipenda kasha, nikaona aibu,
nikalipenda vilevile.

(Watu huuliza. La, sikuolewa na mchumba wake.
Yule alikwenda Ohio, akaoa mjane mwenye kinu.)

Lilinifuata kwa Conrad juu ya mkokoteni,
limefungwa blanketi kama mgonjwa.
Likahifadhi nepi za watoto saba, kisha za watano.
Likahifadhi hati ya shamba, soseji msimu wa panya,
na bastola moja ambayo haikuwahi kufyatuka.

Rangi ya maziwa huchoka, haifi.
Mwaka wa thelathini hivi niliuona mguu wa P
ukichungulia chini ya O yangu.
Kisha L mbili, zimesimama pamoja.
Mjukuu wangu Sybilla, anayejifunza kusoma,
aliweka kidole pale, akakunja uso:
"Bibi, jina lako lina herufi za ziada."
Nikamwambia ale mkate wake.

Conrad anataka mpwa wake alipake upya,
kijani, kama masanduku ya mjini.
Brashi ya mpwa imepotea mara mbili.
Iko kwenye pipa la shayiri, ukitaka kujua.

Na Jumamosi, wakiwa wote wametoka,
nachukua kitambaa, tone la maji, majivu kidogo,
napiga magoti mbele ya chiriku wale
na kusugua. Si sana.
Leo upande wa S, wiki ijayo upande wa N.
Jino bado limo. Sijawahi kulitoa.

"Kasha lako linachakaa, Rosina,"
Conrad husema akivua buti.
Ndiyo, namjibu. Linachakaa.