Maharage ya Pauni Kumi na Nne

Ijumaa, saa moja na nusu, foleni imetoka mlangoni
ikapinda kona hadi kwa kinyozi,
na mvua ya Bedford inatunyeshea kwa adabu,
kama mtu anayeomba radhi.
Baba amekataa mwavuli. Amevaa suti ya harusi ya mjukuu,
ananiuliza kwa mara ya tatu
kwa nini watu wapange foleni kula
na majumbani mwao wana majiko.

Ndani, kwa Concetta, meza zimebanana
hata kiwiko changu kimeingia mazungumzo ya watu.
Kushoto, mwalimu mstaafu na mkewe
wanagawana pizza kwa umakini wa mahakimu.
Kulia, vijana sita, mmoja wao kazaliwa leo,
puto limefungwa kwenye chupa ya mafuta ya zeituni.
Kitunguu saumu kilitukaribisha kabla ya mhudumu.
Mhudumu ni Loris, kalamu sikioni,
sahani nne mkono mmoja,
na jasho ambalo hana mkono wa kulifuta.

Baba husoma menyu kama asomavyo barua za serikali:
kidole chini ya kila neno, midomo ikitembea.
Kidole kinasimama.
Kinarudi nyuma. Kinasimama tena.
"Tambi na maharage," anasema.
"Pauni kumi na nne."

Anacheka.
Kicheko kinaanzia magotini, kinapanda,
kinalitikisa puto la watu,
mwalimu anaweka uma chini.
Mimi sicheki. Mimi najua.
Kijijini kwao, milimani, maharage yalikuwa ya Jumatatu,
na ya Jumanne, na ya kila siku isiyo na mtakatifu wake.
Mama yake aliyaongeza maji kila mgeni alipobisha hodi.
Baba alipanda treni akiwa na miaka kumi na tisa,
mkataba wa kiwanda cha matofali mfukoni,
akaapa kwamba harage halitapita tena kooni mwake.
Miaka thelathini na mmoja ya tanuri,
vumbi jekundu hata kwenye kope,
na kweli, kwetu hatukuyajua maharage.
Tulikula nyama, hata ilipokuwa ya mkopo.

"Niletee," anamwambia Loris.
"Mzee Ottavio, leo kuna kondoo, kaiva vizuri..."
"Niletee umaskini wangu, kijana.
Nataka nione ulivyotajirika."

Unakuja katika sahani pana kama kofia ya askofu,
katikati kidimbwi kidogo,
juu yake jani moja la kijani, limelala chali.
Baba analitoa jani, analiweka kando
kama barua iliyofika nyumba siyo.
Kijiko cha kwanza. Kimya.
Cha pili.
Nangoja kesi: nangoja aite mpishi,
aite polisi, aite kivuli cha mama yake.

"Hakuna ngozi ya nguruwe," anasema.
"Mama alitia ngozi ya nguruwe."
Anatafuna. Anatazama dirisha lililojaa mvuke,
na nyuma yake sura za wanaongoja, hazina macho.
"Au labda aliitaja tu," anasema, "ili tuionje."

Hakusema tena mpaka sahani ilipong'aa,
mkate ukiifuta duara baada ya duara
kama anayefuta ubao.
Mke wa mwalimu akashindwa kujizuia:
"Samahani, ni tamu?"
"Ni ghali," Baba akajibu,
akamwita Loris, akainua kidole kimoja:
nyingine, ya kubeba.

"Ya nani, Baba? Nyumbani uko peke yako."
Alikuwa anahesabu sarafu mezani,
akizipanga safu safu, kama matofali, bila kuinua uso.
"Mgeni akibisha hodi," akasema,
"nitaongeza maji."