Chumvi kwenye Lenzi

Kila Jumatano, saa kumi na mbili jioni, wanashindana.
Mashua kumi na moja. Zamani zilijaa gati zima.
Nami nakaa kwenye boti ya mpira ya Thayne,
magoti kifuani, kamera ndani ya mfuko wa mkate.

Maji ya hapa ni mazito. Wimbi dogo tu
likikupiga ubavuni, unageuka kutazama ni nani.
Mashua huelea juu mno, kama mgeni
anayeogopa kukalia vizuri kiti cha watu.

Hakuna samaki. Kuna uduvi wembamba kama kope,
kuna nzi waliotandaa ufukweni, zulia jeusi
linalohama ukilikanyaga,
na harufu ambayo Thayne huiita nyumbani
na mkewe huiita sababu ya kubaki Ogden.

LaRue ana miaka themanini na mmoja.
Amekula chumvi nyingi, na nyingine
ameilamba kwenye kamba, kwenye ndevu za marehemu mumewe,
kwenye kikombe cha kakao.
Mashua yake ameiita Mkopo wa Pili.
Akifika kwenye boya, hubisha.
Hubishana na upepo, na mwamuzi,
na daktari aliyemkataza kutumia bega la kulia.

Nasubiri tanga lijae.
Nasubiri kisiwa kikae sawasawa nyuma ya mlingoti,
nashusha pumzi, na hapo hapo
tone linaruka.
Tone la ziwa hili halikauki likaisha:
huacha mfupa. Duara jeupe katikati ya kioo,
na ukilifuta kwa shati, linakwaruza.
Nimeua lenzi tatu hivyo. Hii ya nne ni ya kuazima.

Agosti kreni ikaja.
Mikuku ilikuwa imeanza kugusa tope.
Moja moja zikapanda hewani, matumbo wazi,
zikichuruzika, zimeota magamba meupe,
na watu wakatazama pembeni
kama anapovuliwa nguo mtu wao hospitalini.
Nikashusha kamera.
"Piga," akasema LaRue.
"Usinitilie chumvi, wala usinipunguzie."

Sasa zimesimama kwenye maegesho, juu ya vyuma,
kati ya lori la Thayne na pipa la taka.
Ziwa liko hatua mia nne kutoka hapa.
Nilihesabu. Wiki iliyopita zilikuwa mia tatu na themanini,
au labda nilikuwa na haraka.

Upepo ukija, kamba zinabisha milingotini,
tangi, tangi, hodi isiyo na mwenyeji.
Na Jumatano, saa kumi na mbili,
LaRue anapanda ngazi ya kupakia rangi,
anaketi kwenye usukani, kofia imefungwa kidevuni.
Hana tanga. Hana maji.
Namlenga kutoka chini, kwenye kokoto.
"Tunabisha!" anapiga kelele,
nami nainamisha kichwa
boriti ipite.