Mwamba Huu

Hinterweiler, Alsasi: kanisa moja, funguo mbili.
Wakatoliki saa tatu, Waluteri saa nne na nusu,
na kati yao dakika ishirini za ukimya
apitapo Bi Kunigunda na ufagio wake,
akifungua madirisha, akiutoa ubani wa hawa
kabla hawajafika wale na zaburi zao.

Mimi ni mtoto wa dakika hizo ishirini.
Mama aliingia kwa ufunguo wa kwanza,
Baba kwa wa pili,
wakakutana mezani, penye kabichi chachu, soseji,
na mstari mmoja wa Mathayo.

"Mwamba ni Petro," Mama husema, akipakua supu.
"Mtu habadilishwi jina bure."
"Mwamba ni ukiri wake," Baba hujibu.
"Neno lililotoka kinywani, si kinywa.
Shuka mistari mitano tu, Odilia:
mwamba wako anaitwa Shetani! Anaitwa kikwazo!"
"Na kikwazo ni nini, Albrecht, kama si jiwe?"

Mjomba Lorentz, mwalimu wa Kigiriki,
alileta maneno mawili kama mizani ya sokoni:
hili ni kipande cha jiwe, hili ni jabali zima.
Mama akamtazama juu ya miwani:
"Na Bwana aliwaita wavuvi wake kwa Kigiriki?
Alisema Kefa. Kefa, na tena Kefa."
Mjomba akala soseji yake.

Kisha kaka yangu akamwoa Smaranda, Mwothodoksi wa Suceava.
Chakula cha kwanza tu, akasema polepole,
"Kwetu, kila anayekiri kama Petro ni jiwe,"
akaomba chumvi.
Mikono miwili ilimpelekea kwa mara moja.

Miaka arobaini na mmoja.
Supu ilipoa mara ngapi, sikuhesabu.

Baba alikufa Novemba, ardhi ikiwa tope.
Mama akaenda kwa Wendling, mchonga mawe, Mmenoni wa milimani,
anayetoza kwa herufi.
"Chonga: *juu ya mwamba huu*."
"Upi?" akauliza, kaulimu sikioni, vumbi kwenye nyusi.
"Sisi tunasema ni Kristo mwenyewe, Mama, na—"
"Sikukuuliza. Chonga *huu*."

Hakusema *huo*. Hakusema *ule*.
Neno dogo lenye kidole,
na hakuna aliyeandika
kidole kilielekea kifua cha nani.

Wendling alichimba, akashindilia kokoto,
kwani hata jiwe la kaburi huzama lisipopata pa kukaa.
Mama akachuchumaa na glavu zake nyeusi,
akaokota kokoto moja, akaipima, akairudisha.
Akasema jambo kwa sauti ya mezani
akanyamaza, kama anayengoja kujibiwa.

Kengele ikalia saa nne na nusu.
Akasimama, akajipangusa magoti,
akatia mkono mkobani, akatoa ufunguo.
Sikuuliza ni upi.